Safari ya Mlima Elgon na Mapango Yake

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mji Mkongwe, Unguja



Halmashauri imetuamuru tusimame mbele yenu jioni hii tuseme habari za safari yetu ya Mlima Elgon. Tumeitika, ingawa kusema mbele ya watu si kazi yetu. Kazi yetu ni kuandika yale wasemayo wengine. Tumepewa nusu saa. Kwa hiyo hatutahesabu kila gari tulilopanda na kila chai tuliyokunywa. Tutasema juu ya mlima, na juu ya mapango, na juu ya jambo moja lililotokea mbele ya mlango wa pango, ambalo tungependa kulificha. Lakini mwenyewe yumo humu, ameketi safu ya tatu, naye ametupa ruhusa tuliseme lote.

Mtakumbuka kwamba tulipoitangaza safari hii palikuwa na maneno. Walikuwapo waliosema kwamba kutembelea milima na wanyama ni desturi ya watalii, na kwamba fungu letu sisi watu wa afisi ni kuwagongea watalii mhuri wanaposhuka bandarini na kuwagongea tena wanapoondoka. Mzee mmoja alituuliza kama huko tuendako kuna arusi au kuna matanga, maana kwa fahamu zake mtu mzima hasafiri siku tatu ila kwa moja la hayo mawili. Hatukuwa na jawabu la upesi. Leo twaweza kumjibu kwa mfano wa mtu wa hapa hapa. Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni mwaka 1891 na kusomeshwa Kiungani, alikuwa karani kama sisi, na ndiye aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali kule Tanga mwaka 1922. Aliposafiri Uingereza mwaka 1931 hakwenda arusini wala matangani, na aliporudi aliandika aliyoyaona. Tena na ijulikane kwamba kila mmoja wetu alilipa fedha zake, alizoziweka mwezi kwa mwezi muda wa miezi kumi na minne. Mfuko wa chama haukuguswa hata senti moja. Mtunza hazina yupo, aulizwe.

Tulikuwa watu saba. Mkubwa wetu kwa umri alikuwa yule ambaye sote twamwita Mzee wa Bohari, kwa kuwa ameshika funguo za bohari miaka ishirini na sita na amebakiza michache kustaafu. Mwingine alikuwa karani wa afya. Hao wawili ndio mtakaowasikia zaidi.

Tulivuka kwa boti hadi Dar es Salaam, tukapanda basi la Arusha, tukapita mpakani Namanga hadi Nairobi, na kutoka Nairobi basi jingine likatufikisha Kitale. Pale Namanga karani aliyezipokea karatasi zetu hakuinua uso wake hata mara moja. Alinyosha mkono, akagonga, akanyosha tena. Mzee wa Bohari akasema, "Huyu ni wetu kabisa." Toka Kitale tulikodi gari, tukapita Endebess, tukafika mlango wa hifadhi uitwao Chorlim.

Mlango huo ulianza kwa kutufedhehesha. Askari wa wanyama (wazee wetu wangalimwita mtu wa Bwana Nyama) alisoma vyeti vyetu, akafurahi kuona watu wa Unguja, akauliza: "Kwenu hakuna mapango?" Tukasema yako, yako Mangapwani, na kuna Kuumbi kule Jambiani. Akauliza, "Hilo la Jambiani ndani yake lina nini?" Tukatazamana. Watu saba, wote wenyeji wa kisiwa, na hakuna hata mmoja aliyepata kuingia. Askari yule alikuwa mtu wa adabu; akageuza maneno akatuuliza kama tumechukua nguo za baridi. Hizo nazo hatukuwa nazo za kutosha.

Elgon ni mlima wa moto uliozimika zamani mno, nao umekaa juu ya mpaka wa Kenya na Uganda. Mtu aliyezoea kuiona picha ya Kilimanjaro atauliza mlima wenyewe uko wapi, maana huu haukusimama; umelala. Upana wa tako lake ni kama kilomita 80, na unapanda polepole hata mtu asijue kwamba amekwisha panda. Kilele kirefu kuliko vyote, Wagagai, kiko upande wa Uganda, mita 4,321. Upande wa Kenya kipo Koitobos, nacho chapita mita 4,200. Kenya waliufanya upande wao kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, eneo la kilomita 169 za mraba, na Uganda wakafanya vivyo mwaka 1993. Kwa kulinganisha, hifadhi yetu ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyofanywa mwaka 2004, ni kilomita 50 za mraba.

Tuliona misitu ya mierezi na ya mipodo yenye miti minene ambayo watu wanne hawawezi kuikumbatia. Tuliona nyati, na kuro, na pongo, na mbega weusi wenye mabega meupe kama mashehe waliovaa kashida, wakitutazama kutoka juu. Wanafanana na kima punju wetu wa Jozani kwa jamaa, lakini wetu ni wekundu na hawana adabu hiyo. Baridi hatutaieleza. Yatosha kusema kwamba usiku wa kwanza, katika vijumba vya wageni, watu wawili walilala na viatu.

Sasa mapango. Yako mengi katika mlima ule, na mashuhuri ni Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha. Makingeny lina mlango mkubwa kupita yote, na maji huanguka mbele yake kama pazia. Lakini lililowavuta watu wa dunia nzima ni Kitum, kwa sababu ya ndovu.

Sababu yenyewe ni hii. Mvua ya Elgon ni nyingi, na mvua nyingi huosha chumvi katika udongo ikaichukua mtoni, hata majani yanayoota hapo huwa hayana chumvi. Mnyama mkubwa alaye majani hawezi kuishi bila chumvi. Katika mwamba wa mapango, ambao ni majivu ya mlima wa moto yaliyogandamana na mawe, chumvi imebaki. Basi ndovu hupanda usiku, huingia pangoni wakifuatana, mama mbele na watoto nyuma yake, mpaka mahali ambapo hapana mwanga wa mwezi wala nyota. Humo macho hayafai kitu. Hupapasa kwa mkonga, hatua kwa hatua, na njiani mna ufa mkubwa ambao watoto wa ndovu wamepata kutumbukia wakafa. Wakifika ukutani huchoma mwamba kwa pembe, wakabandua vipande, wakavisaga kwa magego na kumeza. Pango hilo limeingia ndani ya mlima zaidi ya mita 150, na sehemu ya upana wake ni kazi ya pembe hizo, miaka kwa miaka. Hakuna ndovu aliyezaliwa akiijua njia ile. Mtoto huijua kwa kumfuata mama yake. Katika miaka ya 1970 na 1980 majangili waliwaua ndovu wengi wa Elgon kwa ajili ya pembe, na tukimwua mama mwenye kuijua njia twaua na njia pamoja naye. Waliobaki bado huingia.

Msafiri Joseph Thomson, Mskochi, alipoyaona mapango ya Elgon mwaka 1883 hakusadiki kwamba wenyeji aliowakuta wakikaa ndani na ng'ombe wao wangeweza kuyachimba. Akadhani ni kazi ya taifa la kale lenye ustadi. Wenyeji walimwambia ni kazi ya Mungu. Ndovu hakuulizwa. Lakini kwetu sisi lipo jambo la karibu zaidi katika habari hiyo: Thomson aliwaandika wapagazi wake wengi hapa Unguja. Basi sisi hatukuwa watu wa kwanza wa kisiwa hiki kuukanyaga mlima ule. Wametutangulia kwa miaka zaidi ya mia na thelathini, na kwa miguu, na mzigo kichwani. Jina la Thomson limebaki hata kwa mnyama, maana swala tomi ni yeye. Wapagazi wa Unguja hawakuachiwa swala.

Tulifika mlango wa Kitum siku ya pili asubuhi. Ndovu hatukuwaona, na asikudanganyeni mtu kwamba tuliwaona. Tuliona mavi yao, makavu na mabichi, na njia yao iliyokanyagwa ikawa laini kama kizingiti cha nyumba ya zamani. Mlango ni mpana, chini yake mna vumbi, na kwa ndani kuna giza linaloanza ghafla, kama mtu aliyelikata kwa kisu. Humo ndani popo walikuwa wakilia.

Hapo karani wa afya akasimama. Akatukumbusha barua ambazo yeye mwenyewe alizipiga chapa na kuzitia katika faili: mwezi wa Machi mwaka 2023, ugonjwa wa Marburg katika mkoa wa Kagera, waliougua tisa, waliokufa sita, na mwanzo wa mwaka 2025, Biharamulo, waliokufa kumi. Kisha akasema habari ambayo wengine wetu hatukuijua. Mwaka 1980 mtu mmoja aliyekaa magharibi mwa Kenya alitembelea pango hili hili la Kitum, akaugua Marburg, akafa Nairobi, na daktari aliyemtibu akaugua naye, ila yeye akapona. Mwaka 1987 kijana wa Denmark, wa miaka kumi na mitano, alitembelea pango hili, akaugua, akafa. Wataalamu walikuja mwaka 1988 wakatafuta pangoni wasiione asili yake; lakini baadaye, katika machimbo ya Uganda, virusi hivyo vilipatikana katika popo wale walao matunda. Askari hakukana hata neno moja. Alisema wageni huingia, naye huingia nao, na kila mtu ajiamulie nafsi yake. Atakayeingia avae buti, afunike pua na mdomo, asiguse ukuta wala mavi ya popo, wala asimguse popo mwenyewe.

Tukabishana pale mlangoni karibu saa nzima. Mmoja alisema tumetoka mbali mno kurudi bila kuona. Mwingine alisema ana watoto wanne. Sisi tunaosema nanyi tulitaka kuingia, kisha tukatazama lile giza, kisha tukagundua kwamba tunawaonea huruma sana watoto wa mwenzetu. Mwisho watu sita walikubaliana kusimama mahali mwanga unapokoma, wasipite. Mzee wa Bohari alikuwa ameketi juu ya jiwe akivaa buti za kuazima. Akasema: "Nimefunga na kufungua mlango mmoja miaka ishirini na sita. Huu nitauingia." Akafunga kitambaa usoni, akatia mikono mifukoni ili asije akashika kitu kwa kusahau, akamfuata askari. Mwanga wa taa yao ukawa kama punje, kisha ukapotea.

Walikaa dakika arobaini. Alipotoka macho yake yalikuwa yanang'aa, akataka kutueleza. Na hapa ndipo penye jambo lenyewe, ndugu zangu. Hatukumsikiliza. Alipokaribia, tulirudi nyuma. Hatukupatana kufanya hivyo. Miguu ilifanya yenyewe. Katika gari tulimwachia kiti cha nyuma peke yake. Kitale tulimnunulia chakula akala meza yake. Katika basi la usiku kiti cha jirani yake kilikuwa kitupu, na mtu aliyetaka kukikalia tulimwambia kina mwenyewe. Karani wa afya alimpigia simu daktari amjuaye, akajibiwa waziwazi: mtu asiyegusa popo, asiye na homa, hana sababu ya kutengwa, apime joto la mwili kila siku mpaka zitimie siku ishirini na moja, maana ugonjwa ukiwamo hautapita muda huo bila kujionyesha, na asiyeugua haambukizi. Tuliyasikia hayo sote. Hata hivyo tuliporudi kazini, kikombe chake cha chai katika afisi yetu kiliwekwa mbali na vikombe vingine, na hakuna aliyesema ni nani aliyekiweka. Tulikiweka sisi.

Kutoingia pangoni hatukosi usingizi kwa hilo. Kila mtu na hesabu yake, na mwenye watoto wanne alihesabu vema. Lakini lile la kikombe halikuwa hesabu. Daktari alikuwa amekwisha tupa jawabu, nasi tulikuwa na elimu ya kulielewa.

Siku ya ishirini na mbili Mzee wa Bohari alikuja afisini na daftari la leja. Alikuwa amelipiga mistari kama desturi yake: tarehe, saa, joto la asubuhi, joto la jioni, sahihi. Safu ishirini na moja, na katika zote hapana hata moja iliyofika digrii thelathini na saba na nusu. Akaliweka mezani, akatupa kalamu, akasema, "Kagueni, mtie sahihi." Tukatia sahihi, sote sita, mmoja baada ya mmoja, na hakuna aliyetazama uso wake. Kisha akaenda akachukua kikombe chake, akamimina chai, akaketi, akasema, "Sasa niwaeleze yaliyomo."

Alisema kwamba ndani mna mwanga wa namna fulani kwa hatua nyingi kuliko mtu anavyodhani, kisha hamna kabisa. Alisema askari alimwambia azime taa, akaizima, na pale ndipo alipojua kwamba giza la bohari usiku si giza. Alisikia popo, na tone la maji mahali pamoja, na pumzi yake mwenyewe katika kitambaa. Taa ilipowashwa akaona ukuta. Umechorwa mistari ya pembe toka chini hata juu kupita kimo cha mtu, mistari mipya juu ya mistari ya zamani, mingine mirefu ya ndovu wakubwa, na chini, karibu na goti, mistari mifupi ya watoto. Alisimama hapo akatamani sana kuugusa, mikono ikakaa mifukoni. Akasema: "Ile ni bohari. Kila mtu huja akachukua haja yake, na haina leja."

Wanadamu nao walichukua chumvi humo. Jamaa za Wasabaoti na Waogiek wa mlima ule walikaa katika mapango na ng'ombe wao na kuchokoa mwamba kwa ajili ya mifugo. Mwaka 2000 nchi ya Chepkitale, juu mlimani, ilitangazwa kuwa hifadhi, na Waogiek waliokaa huko wakawa kama wavamizi nyumbani kwao; mwaka 2022 mahakama ya Bungoma ikaamua kwamba nchi ile ni ya jamii yao. Sisi makarani twajua uzito wa tangazo la Serikali ni karatasi ngapi. Ni moja. Kulirudisha nyuma kuliwachukua watu wale miaka ishirini na miwili.

Imebaki ile fedheha ya Chorlim. Tuliporudi tulitafuta habari za Kuumbi tuliyoulizwa. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba humo mwaka 2005, na wataalamu wengine wakachimba baada yake. Watu walikaa katika pango lile tangu miaka kama 20,000 iliyopita. Na katika mifupa iliyotoka chini ya sakafu yake mna ya punda milia na ya nyati. Wanyama hao hawakuletwa kwa jahazi. Zamani hizo bahari ilikuwa chini sana, na Unguja ilikuwa imeshikana na bara. Maji yakapanda, tukawa kisiwa, na wanyama wakubwa wakaisha mmoja mmoja. Nyati wale tuliosafiri siku tatu kuwatazama waliwahi kula majani Jambiani.

Mzee wa Bohari ameomba safari ya Kuumbi iandaliwe, na Halmashauri imekubali. Itakuwa Jumapili ya pili ya mwezi ujao. Gari litaondoka Darajani saa moja asubuhi. Watu wa Jambiani wanalihesabu pango lile kuwa mahali pa heshima, kwa hiyo tutafika kwanza kwa sheha, tuombe ruhusa, na tutafuata desturi watakayotuonyesha. Asiyeweza kuifuata abaki pwani, pana samaki wazuri. Nauli alipwe Katibu kabla ya mwisho wa mwezi huu, naye atatoa stakabadhi. Viti ni kumi na vinne. Kiti cha kando ya Mzee wa Bohari tumekwisha kilipia sisi.